Kutoka Kipimamvua hadi Rada: Historia ya Upimaji na Utabiri wa Mvua katika Nyanda za Juu Kusini na Uhusiano Wake na Bahari ya Hindi, 1891–2024

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya upimaji na utabiri wa mvua katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hususani Mbeya na Iringa, tangu kuingia kwa wamisionari mwaka 1891 hadi Kimbunga Hidaya mwaka 2024. Swali linaloongoza uchunguzi huu ni moja: katika kila kipindi, mvua ilipimwa na kutabiriwa kwa ajili ya nani? Makala yanajenga hoja kwamba sayansi ya hali ya hewa ilifika nyanda hizi ikiwatumikia watu wengine kabla ya kumfikia mkulima: mmisionari, mlowezi, rubani na mpangaji wa serikali. Mkulima alibaki na maarifa yake mwenyewe, ambayo sayansi ilichelewa kuyatambua. Aidha, makala yanaonesha kwamba historia ya mvua ya nyanda za juu haiwezi kutenganishwa na historia ya uangalizi wa bahari, kwa kuwa mvua inayonyesha Mbeya huamuliwa kwa sehemu kubwa na hali ya Bahari ya Hindi.

1.0 Utangulizi

Mwanjelwa ni kitovu cha biashara cha Jiji la Mbeya. Katika soko lake hukutana mchele wa Kyela na wa Usangu, ndizi na maharage ya Rungwe, viazi mviringo vya Umalila na Uporoto, pamoja na mahindi ya Mbozi. Mtu anayetaka kujua namna mvua ilivyonyesha katika nyanda hizi hahitaji kuanzia katika ofisi ya takwimu. Anaweza kuanzia sokoni hapo. Mvua ikichelewa Usangu, mchele hupanda bei. Mvua ikizidi Uporoto, viazi hushambuliwa na ukungu vikiwa shambani, na gunia huadimika. Barabara ya mlimani ikiharibika, ndizi huiva njiani kabla ya kufika kwa mnunuzi. Soko ni daftari la mvua, ila ni daftari linaloandikwa baada ya tukio. Utabiri ni jaribio la kuliandika daftari hilo mapema.

Jaribio hilo lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Maandiko mengi kuhusu hali ya hewa nchini huanza na kuundwa kwa Wakala wa Hali ya Hewa mwaka 1999, au kwa kurudi nyuma zaidi, na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Mtazamo huo huificha miongo minane ya upimaji iliyotangulia, na huyaficha zaidi maarifa ya wenyeji ambayo hayakuwa na taasisi ya kuyaandika. Makala haya yanatumia uchambuzi wa maandiko yaliyochapishwa kuziba sehemu ya pengo hilo.

2.0 Mlima, Ziwa na Bahari: Mazingira ya Mvua ya Nyanda za Juu

Ni vigumu kuielewa historia ya upimaji bila kuelewa kinachopimwa. Pwani ya kaskazini na visiwa vya Unguja na Pemba hupata misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mbeya na Iringa hupata msimu mmoja tu, unaoanza Novemba na kukoma Aprili au Mei. Kwa mkulima wa Unguja, vuli ikikosa, masika yanaweza kumfidia. Mkulima wa Mbeya hana mvua ya pili ya kumwokoa. Hii ndiyo sababu ya kwanza inayofanya utabiri katika nyanda hizi uwe na uzito wa pekee.

Sababu ya pili ni tofauti kubwa kati ya mahali na mahali. Mji wa Mbeya, ulio katika kimo cha takriban mita 1,700, hupata wastani wa takriban milimita 900 za mvua kwa mwaka. Tukuyu, iliyo umbali wa takriban kilomita 70 tu, hupata zaidi ya milimita 2,000. Uwanda wa Usangu upande wa mashariki hupata kiasi kidogo kuliko Mbeya. Tofauti hizi husababishwa na milima. Pepo za kusini-mashariki huchukua unyevu zinapopita juu ya Ziwa Nyasa, kisha hulazimika kupanda miteremko ya Mlima Rungwe na safu ya Livingstone. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa huachia maji yake. Inapovuka upande wa pili na kushuka Usangu, huwa imekwisha kuishiwa. Kwa hiyo kauli kama "Mbeya itapata mvua za wastani" inaweza kuwa kweli kwa mkoa na isimfae mkulima yeyote aliyemo ndani yake.

Sababu ya tatu ni bahari. Msimu wa mvua hufuata Ukanda Mvua, yaani mahali pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana, ambao huhama pamoja na jua. Mwenendo wa ukanda huo hutegemea nguvu ya migandamizo mikubwa ya hewa, ukiwamo wa Mascarene ulio kusini mwa Bahari ya Hindi, pamoja na joto la maji ya bahari yenyewe. Mlima Rungwe hauonani na bahari, lakini mvua yake huanza kuandaliwa huko.

3.0 Maarifa ya Wenyeji Kabla ya Vipimo

Wakazi wa nyanda hizi hawakusubiri kipimamvua ili waifikirie mvua. Miongoni mwa Wanyakyusa, mvua na rutuba vilihusishwa na Lwembe, kiongozi wa matambiko aliyekaa Lubaga, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Rungwe. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930, walieleza namna ustawi wa nchi ulivyoaminika kufungamana na mwili wa Lwembe mwenyewe. Mvua katika fikra hiyo ilikuwa suala la utawala: ikikosa, kulikuwa na mtu wa kuulizwa.

Sambamba na matambiko kulikuwa na uangalizi. Wakulima walitazama uchanuaji wa miti, milio ya ndege, mienendo ya wadudu, mwelekeo wa upepo na joto la miezi inayotangulia msimu. Maarifa haya yalirithishwa kwa mdomo na kwa vitendo, kutoka kwa mzee hadi kijana aliyefuatana naye shambani. Udhaifu wake haukuwa kukosa uangalizi. Udhaifu ulikuwa katika utunzaji: mzee akifa bila kurithisha, kumbukumbu ya misimu hamsini ilizikwa pamoja naye.

Pwani kulikuwa na mfumo wa namna hiyohiyo, uliokuwa umepangika zaidi kwa kuwa ulitumikia usafiri wa majahazi. Mabaharia waliugawa mwaka kwa pepo: kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kuwaleta wafanyabiashara kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi, inayovuma katikati ya mwaka na kuwarudisha. Kati ya pepo hizo mbili kulikuwa na vipindi vya maleleji, upepo usipokuwa na mwelekeo thabiti. Siku zilihesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jua ambao hadi leo huadhimishwa Makunduchi, Unguja, katika sherehe za Mwaka Kogwa. Mkulima wa pwani alipanda kwa hesabu hiyohiyo iliyomwongoza nahodha. Hivyo wazo kwamba hali ya bahari na mvua ya nchi kavu ni jambo moja halikuletwa na sayansi ya karne ya ishirini.

Hata hivyo, uzoefu wa misimu una mpaka wake. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikazamisha vyombo bandarini na kuteketeza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Vimbunga ni adimu karibu na ikweta, kwa kuwa nguvu ya mzunguko wa dunia inayoipa dhoruba mwendo wa duara ni hafifu huko. Tukio linalotokea mara moja katika vizazi kadhaa haliwezi kuingia katika kumbukumbu ya miongo. Kwa ajili yake panahitajika maandishi.

4.0 Misheni, Boma na Daftari: Kipindi cha Wajerumani

Mwaka 1891 Wamoraviani walianzisha kituo cha Rungwe, na wamisionari wa Berlin nao waliingia Unyakyusa mwaka huohuo. Serikali ya Kijerumani ilifuata, na boma la Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, likawa makao ya utawala wa eneo hilo. Upimaji wa mvua katika koloni lote ulitegemea sehemu za namna hii: misheni, maboma na mashamba makubwa, ambako palikuwa na mtu anayejua kuandika na anayekaa mahali pamoja kwa miaka. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuidumisha. Chombo kiliwekwa mahali pa wazi, na kila asubuhi maji yaliyokusanyika yalipimwa na kuandikwa. Thamani yake haikuwa katika kipimo cha siku moja, bali katika kutokosa hata siku moja.

Shughuli hizo ziliratibiwa kutoka Dar es Salaam. Mwanajiografia Carl Uhlig, anayejulikana zaidi kwa safari zake za Kilimanjaro na Ol Doinyo Lengai, aliwahi kuziongoza mwanzoni mwa karne ya ishirini. Matokeo yalichapishwa Ujerumani, katika jarida la Mitteilungen aus den deutschen Schutzgebieten. Jambo hili linastahili kuzingatiwa. Mvua ya Unyakyusa iliandikwa kwa Kijerumani, ikachapishwa Berlin, na ikasomwa na watu waliotaka kujua kama kahawa, mpira au pamba vingestawi. Hakuna sehemu ya mzunguko huo iliyompitia mkulima ambaye mvua hiyo ilimnyeshea.

Vita Kuu ya Kwanza ilikatisha mfululizo huo. Waingereza walipoingia Neu Langenburg mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini na kuondolewa, na madaftari yakakosa mkono wa kuyaandika. Mtafiti wa leo anayefuatilia mvua ya Rungwe hukutana na pengo hilo, na si la mwisho.

5.0 Idara ya Afrika Mashariki, 1929–1977

Mwaka 1929 Waingereza waliunda idara moja ya hali ya hewa kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, makao yake makuu yakiwa Nairobi. Mkurugenzi wake wa kwanza, Albert Walter, alitoka Morisi, alikokuwa ameongoza kituo cha uangalizi wa hali ya hewa. Asili yake ina maana katika historia hii. Wakati huo Morisi ilikuwa kisiwa cha tropiki kilichoishi kwa miwa na kuogopa vimbunga. Huko, kupima mvua na kuangalia bahari vilikuwa kazi ya ofisi moja, na hesabu za mvua zilihusishwa moja kwa moja na mavuno. Kisiwa hicho ni mojawapo ya visiwa vya Mascarene, ambavyo jina lake limepewa mgandamizo mkubwa wa hewa unaotajwa hadi leo katika kila utabiri wa msimu nchini Tanzania. Aliyeijenga idara ya bara alikuwa mtu wa kisiwani.

Hata hivyo, kilichoisukuma idara hiyo kufika Mbeya ni ndege. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilifungua njia ya London hadi Cape Town, na Mbeya ikawa kituo kati ya Dodoma na Mpika. Rubani wa ndege za wakati ule aliruka chini ya mawingu na alihitaji kujua kama kipenyo kati ya milima kimefunikwa na ukungu. Hiyo ndiyo hoja iliyoufunga uangalizi wa hali ya hewa wa Mbeya na uwanja wa ndege. Mwaka 1937, ndege za majini zilipoanza kutumika, njia hiyo ilihamishiwa pwani na kupita Mombasa, Dar es Salaam na Lindi kuelekea Durban. Kwa miaka mitano tu Mbeya ilikuwa kwenye barabara kuu ya anga ya dola. Kisha bahari ikaichukua nafasi yake.

Nje ya viwanja vya ndege, mtandao wa mvua uliendelea kutegemea watu wa kujitolea: misheni, mashamba ya chai na kahawa, shule, ofisi za kilimo na stesheni za reli. Kipimo kilisomwa saa tatu asubuhi, fomu ikajazwa, na mwisho wa mwezi ikatumwa Nairobi kwa posta. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Kwa hesabu hiyo nyepesi ilijengwa picha ya mvua ya Afrika Mashariki yote.

Gharama ya kukosa picha hiyo ilidhihirika katika Mpango wa Karanga. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache na kupendekeza kilimo kikubwa cha karanga kwa mitambo. Kongwa ilichaguliwa kuwa mahali pa kuanzia, ingawa kumbukumbu za mvua zilizokuwapo zilikuwa chache mno kuonesha tabia halisi ya eneo hilo. Ukame ulipokuja, udongo uliganda mithili ya saruji na karanga zikashindwa kuvunwa. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36. Makosa yalikuwa mengi, lakini mojawapo lilikuwa kuamini kwamba mwaka mmoja au miwili ya mvua inatosha kuwakilisha nchi. Wagogo wa Kongwa walijua kwamba nchi yao ni ya njaa za mara kwa mara. Hakukuwa na safu ya kuandikia jibu hilo katika fomu za ujumbe.

Mwaka 1952, tarehe 15 Aprili, miaka themanini kamili baada ya kimbunga cha Zanzibar, kimbunga kingine kiliipiga Lindi. Mwaka 1961 mvua zisizo na mfano zilinyesha Afrika Mashariki na kukipandisha kina cha Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita moja. Matukio haya yalipimwa vizuri. Maelezo ya kisababishi chake yalikuja miongo kadhaa baadaye.

6.0 Kuanza Upya: 1977–1999

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilirithi vituo lakini si kitovu. Makao makuu, mitambo ya mawasiliano na shule ya mafunzo vilikuwa Nairobi. Kurugenzi ya Hali ya Hewa ililazimika kuundwa upya, na Sheria ya Hali ya Hewa Namba 6 ya mwaka 1978 ikaipa msingi. Chuo cha kufundishia watumishi wake kilianzishwa Kigoma.

Wakati huohuo uzito wa mvua ya Nyanda za Juu Kusini katika taifa ulikuwa unaongezeka. Baada ya ukame wa 1973/74 na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, serikali iliitegemea mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa kwa mahindi ya kulisha miji. Reli ya TAZARA, iliyoanza kazi mwaka 1976, iliiunganisha Mbeya na Dar es Salaam. Vilevile, maji ya Usangu yalianza kuzalisha umeme: Mto Ruaha Mkuu hujaza bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, kisha hushuka Kidatu. Tangu hapo mvua ikikosa Mbeya, athari yake haikuishia Mwanjelwa. Ilifika katika taa za Dar es Salaam, kama mgawo wa umeme wa mwaka 2006 ulivyodhihirisha.

Lakini huu ulikuwa pia wakati wa uhaba. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1980 ulipunguza karatasi, vipuri, usafiri na mishahara. Katika sehemu nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, idadi ya vituo vya mvua vinavyotoa taarifa ilishuka katika kipindi kilekile ambacho wapangaji walianza kuzungumzia mabadiliko ya tabianchi. Nchi ilihitaji mfululizo mrefu wa takwimu huku mfululizo wenyewe ukikatika.

7.0 Bahari Yaingia katika Utabiri

Kabla ya miaka ya 1990, huduma ya hali ya hewa ilikuwa zaidi ya upimaji na utabiri wa siku chache. Utabiri wa msimu mzima ulikuja pale wanasayansi walipopata njia ya kuitumia bahari. Maji hubadilika joto polepole; kwa hiyo bahari iliyopata joto lisilo la kawaida mwezi Agosti huelekea kubaki hivyo hadi Novemba. Anayejua hali ya bahari leo ana fununu ya mvua ya kesho kutwa.

Mwaka 1989 vilianzishwa vituo viwili vya kufuatilia ukame, kimoja Nairobi na kingine Harare. El Niño ya 1997/98, iliyoharibu barabara na reli katika Afrika Mashariki, iliharakisha mambo: kuanzia mwaka 1998 wataalamu wa Pembe ya Afrika walikutana kabla ya kila msimu kukubaliana juu ya mwelekeo wa mvua. Mwaka 1999 watafiti wakiongozwa na N. H. Saji walichapisha maelezo ya hali ambayo joto la magharibi mwa Bahari ya Hindi hupanda huku la mashariki likishuka. Hali hiyo ilitoa maelezo ya mvua za 1961, ambazo hazikuwa na El Niño ya kuzifafanua. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Wakala wa Hali ya Hewa Tanzania ulianzishwa.

Kwa Nyanda za Juu Kusini, maendeleo haya yalikuja na ugumu wake. El Niño kwa kawaida huongeza mvua katika Afrika Mashariki ya ikweta na huzipunguza kusini mwa Afrika. Mbeya na Iringa ziko karibu na bawaba ya mlango huo: mwaka mmoja huelemea upande wa Nairobi, mwaka mwingine upande wa Harare. Ishara ya bahari iliyo wazi kwa Dar es Salaam inaweza kuwa dhaifu au kinyume kwa Mbeya. Zaidi ya hayo, vimbunga vinavyojiunda karibu na Madagaska na Msumbiji huweza kuvuta hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo na kuongeza mvua nyanda za juu, au huweza kuuhamisha unyevu huo mbali. Hivyo eneo ambalo taifa lilikuwa limelikabidhi jukumu la kulilisha ndilo lililokuwa miongoni mwa yaliyo magumu zaidi kutabirika.

8.0 Dudumizi na Wataalamu: Utafiti wa Rungwe na Kilolo

Katika mazingira hayo, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Ladislaus Chang'a, Pius Yanda na James Ngana una nafasi ya pekee. Ulifanyika mwaka 2009 katika wilaya za Rungwe na Kilolo, mmoja wa watafiti akiwa mtumishi wa taasisi ya hali ya hewa yenyewe. Kwa mara hii mtaalamu wa serikali hakwenda kijijini kueleza utabiri wake. Alikwenda kuuliza wa wenyeji.

Majibu yalionesha mfumo. Kuchanua mapema na kwa wingi kwa mhemi, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Erythrina abyssinica, pamoja na mikwe, kati ya Julai na Novemba, kulitajwa kuwa dalili ya msimu mwema. Mwenendo wa ndege dudumizi ulitambuliwa kuwa miongoni mwa viashiria bora karibu katika nyanda zote. Kwa msimu wa 2009/10, watabiri wa jadi na wataalamu wa Wakala walifikia kauli moja: mvua za wastani. Watafiti walipendekeza maarifa hayo yaandikwe kwa utaratibu na uwekwe mfumo wa kuyaunganisha na utabiri wa kisayansi.

Upatanifu wa msimu mmoja hauthibitishi kanuni, na haupaswi kusomwa hivyo. Umuhimu wa utafiti huu kihistoria uko kwingine. Kwanza, unaonesha kwamba mkulima na mtaalamu huuliza maswali tofauti. Utabiri wa msimu hutolewa kwa madaraja matatu: juu ya wastani, wastani na chini ya wastani, kwa jumla ya mvua ya msimu mzima. Mkulima huuliza mvua itaanza lini, itakatika lini katikati, na apande mbegu ya muda mfupi au mrefu. Jumla ya wastani inaweza kupatikana kwa mvua zilizonyesha zote Januari, baada ya mahindi ya Novemba kukauka. Pili, viashiria vya jadi ni vya mahali: mhemi uliochanua Rungwe hauzungumzii Usangu. Hapo ndipo maarifa ya wenyeji yalipokuwa na nguvu na utabiri wa kitaifa ulipokuwa na udhaifu. Tatu, viashiria hivyo vinakabiliwa na hatari ileile inayovikabili vipimo vya kisayansi. Misitu ikikatwa, mikwe hutoweka. Tabianchi ikibadilika, uhusiano kati ya ua na mvua hauna hakika ya kubaki kama ulivyokuwa. Mfululizo wa takwimu na mfululizo wa kumbukumbu vyote viwili hukatika.

9.0 Zama za Tahadhari

Katika karne ya ishirini na moja uzito umehamia kwenye tahadhari. Kuzama kwa meli ya MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe, Julai 2012, bahari ikiwa imechafuka katika kipindi cha kusi, kulikumbusha taifa kwamba utabiri wa upepo na mawimbi ni suala la uhai. Utabiri wa bahari umeambatana na ule wa maziwa makuu, likiwamo Ziwa Nyasa, ambako upepo mkali wa kusini-mashariki uitwao mwera huweza kulichafua ziwa kwa siku kadhaa na kuhatarisha mitumbwi ya wavuvi wa Kyela. Sheria Namba 2 ya mwaka 2019 iliugeuza Wakala kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Lugha nayo ilipangwa kwa ngazi, kutoka angalizo hadi tahadhari na tahadhari kubwa, ili msikilizaji wa redio ajue uzito wa anachoambiwa.

Aprili 2019 wakazi wa Mtwara walihimizwa kuhamia maeneo salama kutokana na Kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kiliingia nchi kavu upande wa Msumbiji, katika jimbo la Cabo Delgado. Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilidhoofika kabla ya kufika. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya kwenda Lindi na Mtwara. Matukio haya matatu, yakisomwa pamoja, yanaeleza tatizo la msingi la mtabiri: tahadhari mbili ambazo watu wengi walizichukulia kuwa zimepita bure ndizo zilizotangulia ile iliyotimia. Imani ya msikilizaji haijengwi siku ya kimbunga. Hujengwa katika misimu ya kawaida, kwa utabiri mdogo mdogo unaotimia au unaoeleza kwa nini haukutimia.

Kwa nyanda za juu, hatua kubwa ya kipindi hiki ni kuingizwa kwa Mbeya katika mtandao wa kitaifa wa rada za hali ya hewa, ulioanzia Dar es Salaam na Mwanza, pamoja na juhudi za kutoa utabiri kwa ngazi ya wilaya. Rada huona mawingu ya mvua yakijikusanya nyuma ya mlima saa chache kabla hayajanyesha. Lakini haioni nyuma. Haiwezi kueleza kama mvua ya leo ni ya kawaida au la. Swali hilo hujibiwa na kipimamvua kilichosomwa kila asubuhi kwa miaka mingi.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba upimaji wa mvua katika Nyanda za Juu Kusini ulipita katika mikono minne: ya mmisionari na mlowezi, ya rubani, ya mpangaji wa taifa, na kwa kuchelewa, ya mkulima. Kila mkono uliacha vipimo ulivyovihitaji na mapengo pale ambapo haja yake ilikoma: vita vya 1916, kuhamishwa kwa njia ya ndege mwaka 1937, kuvunjika kwa Jumuiya mwaka 1977, na uhaba wa miaka ya 1980. Imeonekana pia kwamba bahari na mlima ni sura mbili za mfumo mmoja, jambo ambalo nahodha wa kaskazi na kusi alilijua kwa namna yake na ambalo sayansi imelieleza kwa namna yake.

Mambo mawili yanajitokeza kwa watafiti wajao. La kwanza ni kukusanya na kuunganisha madaftari ya mvua yaliyotawanyika katika misheni, mashamba ya chai na ofisi za kilimo za Rungwe, Mufindi na Iringa kabla hayajaliwa na mchwa. Kila ukurasa unaopatikana hurefusha kumbukumbu ambayo rada haiwezi kuitengeneza. La pili ni kuendeleza kazi iliyoanzishwa Rungwe na Kilolo kwa misimu mingi mfululizo, ili kauli ya dudumizi na kauli ya Mamlaka zipimwe kwa kipimo kimoja, zote zikiruhusiwa kupatia na kukosea. Mwisho wa yote, mchuuzi wa Mwanjelwa na mkulima anayemletea mzigo hawaulizi utabiri umetoka kwa nani. Huuliza kama mbegu iliyowekwa ardhini Novemba itakuwa gunia sokoni msimu ujao.